Mbuzi ya Kasomeno na Kitanda cha Kuuzisha

Hii mambo inanipatisha haya, lakini acha kwanza nianze na mbuzi. Nilikuwa kijana, kule Kasomeno, mbuzi moja ikakuya ikalala katikati ya barabara, kamiyo ikasimama, bantu bakashuka, bamoja banasema iko mugonjwa, bengine banasema balii­roga, bakagombana paka jua ikawaka, kumbe mbuzi ilichoka tu. Tulicheka ile siku! (Mungu anasikiaka kicheko, anakiweka.)

Sasa, miye niko na kifafa. Dawa inanisaidia, sikatai, lakini ule uchovu, we, ni kama saruji mu mifupa, na roho nayo inachoka, unaanza kulia bule mbele ya sahani ya bukari. Munganga wa hospitali alisema: "Papa, ukichoka, lala." Miye nasemaka paka "niko bien, muzuri tu". Mutoto wangu mwanamuke, Béa, alishakataza nitembee peke yangu, nikamubembeleza, nikamubembeleza, asubuhi moja akakubali: enda ununue mukate, urudie. Furaha! Nikavaa koti ya ndoa.

Njiani usingizi ukanipiga. Fundi moja anauzishaka vitanda kando ya barabara, kimoja kilikuwa na matela ya sponji. Nikasema nikae kiloko tu. Nikakaa. Nikalala.

Kufungua macho, bantu balijaa! Mama mwenye kuuzisha makala ya kupikia, mwenye kunijua, iko analalamika "Papa Ilunga ameanguka, kifafa!", kijana moja alinikamata miguu, pasteri iko anafukuza pepo, na mama alishanitia kijiko mu kinywa. (Munganga anakatazaka, inavunja meno bule.) Nasema "Nilichoka tu!", inatoka "gagagu".

"Munasikia? Pepo inasema!" pasteri akapandisha sauti.

Fundi naye: "Muzee, viatu yako inachafula matela yangu!"

Nikakumbuka ile mbuzi. Béa akafika mbio, nikajua njo mwisho wa kutembea kwangu. Akatosha kijiko mu kinywa yangu.

"Papa, ulianguka?"

"Hapana, mama. Nilichoka."

Ile neno sikuisemaka hata siku moja. Béa akaniangalia, akakaa pembeni yangu, akaanza kucheka, paka fundi akasahau matela.

Béa akasema: "Kesho ukichoka, useme mbele ya kutoka, utalala kwanza. Sasa enda, mukate haiyanunuliwa."

"Papa, maombi haiyaisha!" pasteri akaita.

Sikugeuka. Nikanyoosha koti, nikaenda zangu, peke yangu, na mukate nanunuaka kwa avenue ingine paka leo.