Sweta Ndani ya Utando

Kiwandani walimwita Mama Mizani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima unyevu unaopenya kwenye plastiki. Alikuwa akitia chumvi kavu kikombeni, akakifunika kwa utando mwembamba, akakiziba kwa nta, kisha akakipima asubuhi na jioni. Chumvi ikizidi uzito, unyevu umepita. Sharti lilikuwa moja: kikombe kikishazibwa, hakifunguliwi.

Plastiki yao ilitokana na wanga wa mahindi, na wanga, jamani, hupenda maji kama bata. Ndipo mkemia, kijana mpole, akautia tindikali ile inayolifanya limau liwe kali, akauoka taratibu. Nyuzi zake zikashikana, maji yakakosa upenyo.

"Hapa hata umbea haupiti," alitania fundi wa mashine.

Mama Mizani alipofiwa na binti yake wa pekee, aliomba kipande cha utando huo mpya, akatengeneza mfuko, akatia sweta ya mtoto. Ilikuwa bado na harufu yake: mafuta ya nywele, sabuni, jasho la kukimbizana uani. Ndicho alichobaki nacho.

Mvua ziliposhika kasi, sweta ikaota ukungu.

Akaja nayo kazini kwa mkemia, macho yamemvimba. "Mwanangu, utando wako umeniangusha."

Wakakata kipande cha mfuko, wakakipima. Chumvi haikuongezeka uzito ila kidogo mno.

"Mama," alisema polepole, "utando haujapitisha unyevu. Au ulikuwa ukiufungua mfuko?"

Fundi akajifanya anakaza skrubu.

"Asubuhi kabla ya kutoka," alijibu. "Na nikirudi. Nanusa kidogo tu, nafunga."

Hakuna aliyemkumbusha sharti la kikombe.

Nyumbani alimweleza mumewe kwamba ni yeye aliyeiharibu sweta, unyevu aliuingiza kwa mikono yake mwenyewe. Mume, ambaye tangu mazishi hakuwahi kulitaja jina la mtoto, aliipokea sweta mikononi mwake.

"Si wewe peke yako, mke wangu. Ukishatoka, mimi nami huufungua mfuko."

Mama Mizani akaketi karibu naye. Wakaigeuza sweta, wakaitafuta harufu mshono kwa mshono, mpaka akaipata ndani ya mkono mmoja, chini ya kwapa, ambako ukungu ulikuwa haujafika.

"Hapa, Baba. Bado yupo."

Mfuko hawakuufunga tena. Wakawa wanapokezana sweta ile kila jioni, mpaka ikabaki na harufu yao wenyewe.