Maji ya Moto kwa Wapenda Baridi

Watu husema Bukavu kuna baridi. Waje wawaambie hayo aksoloti.

Ninao wawili, mmoja mweusi na mwingine wa rangi ya waridi, ndani ya beseni la kioo lililo sakafuni kwenye chumba cha nyuma, ambako jua halifiki. Ni wanyama wa maji, asili yao Meksiko: miguu minne, mkia, na matamvua mekundu yaliyosimama nje ya kichwa kama nywele ambazo hazijachanwa. Binti yangu aliachiwa wanyama hao na mwalimu mgeni waliyefanya kazi naye maabara. Kisha naye akaenda kusoma Kanada, akaniachia mimi. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Katika nyumba hii tumebaki watatu, na wawili hawana sauti.

Maji yakipita digrii kumi na nane hivi, wanaanza kuumwa. Courant, yaani umeme, ikiwepo, feni ndogo inapuliza juu ya maji. Ikikatika, na hapa kukatika ndiyo kazi yake, natumbukiza chupa za barafu, nalivika beseni kitambaa kibichi, kisha nakaa chini nikitazama kipimajoto. Chakula chao ni nyungunyungu, nawachimba migombani. Mzee mzima na jembe lake, anawinda minyoo! Majirani wamecheka mpaka wamechoka.

Binti hupiga simu Jumapili, baada ya misa. Swali lake la kwanza ni lile lile: "Papa, maji iko ku degré ngapi?" La pili: "Banakula?" Kisha réseau ya simu inakatika, au kazi inamwita. Mimi nimejiandaa tangu asubuhi kwa maswali hayo mawili. Ni upweke, na sioni haya kuutaja.

Kiangazi kilichopita nilikwenda Nyantende kwenye matanga, nikamwachia jirani ufunguo. Ni mama mwema, aliyelea watoto wake wote ndani ya kofia za sufu, hata jua likiwaka. Niliporudi jioni nilikuta feni imezimwa na beseni limefunikwa blanketi.

"Papa, bale batoto bako balikuwa banasikia baridi sana," akaniambia kwa fahari. "Nimebawekea kamaji ka moto."

Nilifoka. Nilimuuliza kama kwake samaki hupikwa wakiwa hai. Wale wawili walikuwa wamekunja ncha za matamvua, na yule wa waridi alielea kiubavu. Nikachota maji, nikaongeza ya baridi kidogo kidogo. Jirani alikimbia kwake akarudi amekumbatia chupa za barafu anazopozea juisi yake ya kuuza, akazizamisha mwenyewe huku analia. Hapo hasira ikaniishia. Kwetu kiumbe mnyonge hupashwa moto, angejuaje? Kesho yake yule wa waridi alimeza nyungunyungu mmoja, nikashangilia peke yangu chumbani.

Jumapili nilimsimulia binti yote. Alisikiliza, kisha akasema amepata mtu Kigali, mwenye umeme usiokatika, atakayewachukua. "Upumuzike, papa. Bale banyama banakuchokesha."

Alinihurumia kwa moyo wote, na mimi nilihisi nyumba nzima inahama. Nilitazama kiti kilichokuwa mbele yangu, hakuna mtu.

"Hapana," nikamwambia. "Kama banaenda, utakuwa unaniuliza nini?"

Nilidhani réseau imekatika, nikaanza kuita allô, allô. Kisha nikamsikia anapumua, anavuta makamasi.

"Papa," akasema, "leo ulikula nini?"

Sikuwa nimekula kitu. Nikamwambia hivyo.