Siku Mbuzi Waliporudi Mchana

Jana sokoni Kakuma mama mmoja alifungua kibuyu cha maziwa, na ile harufu ya moshi ikanivuta shingo mpaka nyumbani kwetu, nje kidogo ya Lodwar.

Siku hiyo wageni walikuwa wanakuja kumposa shangazi, na nyanya aliapa watakunywa maziwa mpaka washindwe kusimama. Mchana, kwenye joto la kukaanga yai juu ya kipara, mwanga ukaanza kufifia. Mwezi ulikuwa umepita kati yetu na jua, lakini hayo nilikuja kufundishwa shule ya jioni, tayari nina ndevu. Mbuzi walijua giza tu. Wakarudi mbio, viwele vimejaa, na nyanya akafungulia vitoto vyao vinyonye kidogo kabla hajakamua, kama kila jioni. Giza likazidi, asione vitoto avitenganishe na mama zao. Jua liliporudi, viwele vilikuwa vimenywea kama soksi.

“Jua gani hili lisilo na adabu?” nyanya akasema. “Sasa wakwe niwape mate?”

Jioni yenyewe ilipofika, aliwawekea wageni chai ya rangi bila kuwatazama. “Ejok, mama,” akasalimu kwa Kiturkana. “Vitoto vya mbuzi vimemaliza yote.”

Mama wa bwana harusi akapindua kibuyu alichotuletea. Hakikutoa hata tone.

“Kwetu pia. Nimekibeba kitupu njia nzima nikitafuta uongo wa kukuambia.”

Nyanya akamsogezea kigoda. “Keti, mkwe. Huo uongo nao tuusikie.”