Sproketi Niliyombadilishia Mwalimu Wangu

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Nimejaribu kuisingizia barabara, nikajaribu kuisingizia saruji, kuna siku nikaisingizia hata mvua wakati siku ile jua lilikuwa linawaka. Nimechoka. Niache niseme tu.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Bukoba. Ufundi nilifundishwa na mzee mmoja wa Muleba, nitamwita Ta Kyaruzi, yaani Baba Kyaruzi kwa Kihaya, ingawa si jina lake. Nilikaa kwake miaka saba. Yeye Mkatoliki, mimi Mwislamu wa mjini, na kila Ijumaa mchana alikuwa ananinyang'anya spana mkononi na kuniambia, nenda kaswali, injini haitakimbia. Kwake nilikula kama mtoto wa nyumbani. Sikuwa nakaribishwa, nilikuwa naingia jikoni na kujipakulia.

Baadaye nikataka changu. Nikafungua karakana ndogo Kahororo, na si ya kuziba pancha na kubadilisha oili. Ya kuongeza mwendo. Vijana wa bodaboda wanapenda pikipiki ikimbie, na mimi nilikuwa najua namna. Unachezea kabureta, unabadilisha ekzosi, na zaidi ya yote unabadilisha sproketi, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni. Ukiweka ya nyuma yenye meno machache, pikipiki inapata mbio kwenye tambarare. Kuna kitu inapoteza, lakini mteja haulizi, na mimi sikuwa nasema.

Ukutani nikaandika kwa rangi nyekundu: HAPA TUNAONGEZA MWENDO. Kichwa kikavimba, usiniulize.

Asubuhi moja Ta Kyaruzi akaja kuniona. Akazunguka taratibu, akagusa vifaa vyangu kimoja kimoja, akaridhika. Halafu akasema, "Kazi safi, mwanangu. Ila hawa unawaongezea mwendo. Breki unawaongezea nini?"

Wateja wawili waliokuwa pale wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini niliumia. Mbele ya wateja wangu, kwenye karakana yangu!

Akaniachia pikipiki yake niikaze cheni na kubadilisha oili, yeye akaenda sokoni kununua mfuko wa saruji. Alipoondoka tu nikatoa sproketi yake ya nyuma nikamwekea ndogo. Hakuniomba. Nilitaka akifika nyumbani anipigie simu aseme, mwanangu umeifanya nini hii, inaruka. Nilitaka sifa, basi. Nimetafuta sababu nyingine yenye heshima kidogo, sijaipata.

Sasa sikiliza. Fundi mwingine angeweza kusema hakujua. Mimi nilijua. Miaka saba nilipanda nyuma ya pikipiki ile. Ta Kyaruzi hashuki mteremko kwa breki. Anaingiza gia ya pili kule juu, anaachia mafuta, na injini inamshika yenyewe mpaka chini. Tulikuwa tunamtania kwamba breki zake atazirithi mjukuu zikiwa mpya. Sproketi ndogo inapunguza ule mshiko wa injini. Nilijua, na nilimfungia saruji nyuma kwa mikono yangu, nikamwambia safari njema.

Kwenye mteremko kabla ya Kemondo gia haikumshika. Alipokuja kukumbuka breki, mzigo ulikuwa umeshamsukuma. Akaingia mtaroni. Mguu ulivunjika sehemu mbili.

Vijana walioiokota pikipiki waliniletea mimi, si ndiye mwanafunzi wake? Nikafunga mlango. Nikatoa ile sproketi, nikarudisha ya zamani. Kazi niliifanya vizuri, hata alama usingeiona.

Kesho yake nikaenda hospitali. Nilikuta watu wamejaa kitandani kwake, wengi wao bodaboda wa Muleba, wateja wake wa siku zote. Aliponiona akajiinua kidogo.

"Mwanangu, umeiangalia?" akauliza. "Gia ya pili haikunishika."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi pale. Sentensi moja tu ingetosha, na ningeaibika siku moja nikamaliza.

Nikasema, "Nimeiangalia, Ta. Ni nzima kabisa. Labda ulichelewa kuingiza gia."

Akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Kisha akasema, "Labda," akageukia ukutani.

Hilo neno langu lilitembea kuliko mimi. Kufika wiki ya pili Muleba nzima inasema mzee kazeeka, gia zinampita. Na nani atamwachia pikipiki yake fundi ambaye hata kuendesha kumemshinda? Mmoja mmoja wakaanza kuja kwangu. Wanapita mbele ya nyumba yake, wanakuja mpaka Kahororo. Mmoja akaniambia, "Wewe ndiye umebaki na mkono wa mzee." Nikamshukuru. Fikiria, nikamshukuru.

Karakana ikajaa. Na mimi nikaanza kuchoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Nilikuwa sisikii tena raha ya injini kuitika. Kwenda kumwona nikaacha, nikawa natuma sukari na sabuni kwa watu wanaopita huko. Kila aliyerudi aliniambia mzee anashukuru. Nilikuwa natamani mmoja aniambie amekataa.

Ulipita mwaka na zaidi ndipo nikaenda. Nilimkuta uani anachambua kahawa kwenye mkeka, fimbo iko pembeni. Pale alipokuwa anafungulia injini pameota majani. Mama, mkewe, akatoka na kisahani cha kahawa za kutafuna, akanikabidhi kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni wa heshima. Miaka saba sijawahi kupewa kisahani kile. Nikaelewa kwamba jikoni siingii tena.

Nikasema yote nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilipomaliza, aliendelea kuchambua kahawa.

"Nilijua pale gia ilipokataa, kabla sijaanguka," akasema. "Pikipiki yangu siijui? Nilitaka useme mwenyewe. Pale hospitali nilikuuliza ili useme. Nikakupa wiki. Nikakupa mwezi. Halafu na mimi nikachoka."

"Nisamehe, Ta."

"Nilishakusamehe. Lakini wateja hawarudi kwa sababu mimi nimekusamehe."

"Nitawaambia."

"Basi waambie, waitu, nakuomba. Mimi nikisema wanaona najitetea."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kijiweni kwa bodaboda wa Muleba. Nikasimama katikati yao, nikasema, mimi ndiye niliyebadilisha sproketi ya mzee bila kumwambia, mimi ndiye niliyedanganya hospitalini, mzee hakukosea kitu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa tayari hata kupigwa.

Mkubwa wao, yule aliyekuwa karibu na kitanda siku ile, akanishika bega. "Fundi, una adabu," akasema. "Hawa vijana wengine wangemwacha mzee aaibike peke yake. Wewe umekubali kumbebea lawama."

Nikaapa. Wakazidi kunisifu. Nikasema nilitoa ile sproketi kwa mikono yangu, mmoja akauliza iko wapi, na mimi nilikuwa nimeiuza zamani. Wakacheka kwa upendo, wakaninunulia soda. Nikaiacha pale bila kuifungua.

Ndiyo sababu nakuandikia wewe usiyenijua na usiyeniheshimu. Wanaoniheshimu hawanisikii.

Wewe mwenye karakana, usiguse chombo cha mtu kwa jambo ambalo hakukuomba, hata kama unampenda, hasa kama unataka akusifu. Na ukishakosea, sema palepale ukiwa na grisi mikononi, kabla watu hawajazoea uongo wako. Wakiuzoea, ukweli wako wanauona ni adabu tu.

Karakana bado ipo, na wateja bado wanapita mbele ya nyumba yake kuja kwangu. Kila anayekuja namwambia kabla sijashika spana. Wengi wanatikisa kichwa, wanasema mzee alibahatika kupata mwanafunzi kama mimi. Labda kuna mmoja wao anasoma hapa, na safari hii ataamini: Ta Kyaruzi hakuchelewa kuingiza gia.