Milima ya Madamu

Miaka ile ya Wabelgiji nilikuwa nashona nguo kwa mke wa injinia mmoja wa reli, pale Kindu. Nilikuwa nimeolewa karibuni. Ushonaji na maneno machache ya Kifaransa nilivipata kwenye fuaye, nyumba ambako masista waliwafundisha wanawake kazi za nyumbani. Siku moja madamu aliniita barazani akanionyesha vitabu viwili. Kimoja kilieleza njia za miguu katika milima ya mashariki, ile yenye barafu juu. Kingine kilikuwa cha jangwa, kurasa na kurasa za mchanga. Yeye na mumewe walitaka kurudi kwao kwa gari, njiani wapande milima hiyo kwa miguu kisha wavuke jangwa, na mumewe alikuwa amekwisha kumwambia kwamba atachoka siku ya kwanza.

"Natafuta kitabu ya njia ya Kindu," aliniambia. "Nijifunze kutembea. Nimeuliza kila mahali. Hakuna."

"Madamu unataka kwenda wapi?"

"Hapana kwenda. Kutembea tu. Kutembea bure."

Nilipomsimulia mama mdogo habari hiyo jioni, aliacha kutwanga sombe, majani ya muhogo. Mama mdogo ni ndugu wa mama yangu, mjane, na mdomo wake haukujua mlango.

"Njia yenye haiende kwa muntu?" aliuliza. "Atatembea aone nini?"

Kisha akaanza kutabasamu peke yake, na mama mdogo akitabasamu hivyo mimi huanza kuogopa. Dada yao mkubwa, aliyekaa kijijini upande wa Kibombo, alikuwa anaoza binti. Sisi wa siti, mtaa wa Waafrika, hatukuruhusiwa kutoka bila karatasi ya njia, na karani alikuwa amemnyima mama mdogo mara mbili, mara ya pili bila hata kuinua kichwa.

"Mwambie madamu wako," alisema, "ya kama mulima iko. Na jangwa iko. Vyote viko njia ya kwa dada yangu."

Sikusema uongo mkubwa. Njiani kuna kilima kimoja, na baada yake kipande cha mchanga ulioachwa na mto, kinachounguza nyayo wakati wa kiangazi. Nilimweleza madamu hivyo, naye akafurahi mpaka akapiga makofi. Aliniagiza nimshonee mfuko wa mgongoni kwa turubai, kisha akasema anataka kuuzoea uzito, nimjazie chochote kilicho kizito.

Chochote! Mama mdogo aliujaza kwa mikono yake mwenyewe: chumvi, sabuni, vitenge viwili vya bibi arusi, na sufuria. Juu akafunika kwa taulo la madamu.

Tuliondoka alfajiri ya Jumamosi, watatu. Kwenye kizuizi askari alitutazama mimi na mama mdogo kama aliyekwisha kutukamata.

"Ninyi wamama, karatasi iko wapi?"

"Tunamusindikiza madamu mulimani," mama mdogo alijibu kwa sauti ya unyenyekevu ambayo sijaisikia tena maishani mwake.

"Mulima gani?"

Madamu alikuwa ametangulia. Aligeuka, jasho linamtiririka, mfuko umempindisha mgongo. "Mulima mukubwa!" alisema. Askari akapiga saluti, akainua mti wa kizuizi.

Nilidhani tungemsubiri kila kona. Kumbe yule mwanamke alikuwa na miguu! Kilimani alitupita, akafika juu na kutupungia kofia huku mama mdogo akimlaani taratibu kwa Kiswahili cha vijijini kwao, asichokijua madamu. Kwenye mchanga alivua viatu kwa makusudi, kitabu cha jangwa kikiwa kwapani, akatembea akirukaruka kama kuku juu ya majivu, wala hakutaka kusaidiwa.

Tulifika kijijini ngoma zimekwisha kuanza. Dada wa mama mdogo alitoka mbio akipiga vigelegele, wakakumbatiana, wakalia, wakacheka. Mama mdogo kwa furaha yake akasahau kabisa mpango wetu wa kuutoa mzigo kwa siri. Alimzunguka madamu, akafungua mfuko ungali mgongoni mwake, akaanza kutoa: chumvi, watu wakashangilia, sabuni, wakashangilia, vitenge, bibi arusi mwenyewe akatoka ndani. Sufuria ilipotoka madamu aligeuka akanitazama.

Niliona kazi imekwenda, na pengine mume wangu ataitwa na wakubwa wake wa kazi bandarini aulizwe mke wake ni mtu wa namna gani.

"Hii njo mulima?" aliuliza polepole.

"Madamu, mulima tuliupita kule nyuma," nilisema. "Hapa ni... hapa ni baada ya mulima."

Akashusha mfuko mtupu. Akautazama, akaitazama sufuria.

"Mimi nimebeba zawadi," alisema. "Basi mimi iko mugeni ya arusi. Chakula iko wapi?"

Alikula kuku kwa vidole, akaomba tena. Ndipo aliponiinamia sikioni: "Bwana yangu anazani mimi iko kwa masista. Ninashona maua kwa kitambaa." Akacheka mpaka mchuzi ukampalia, na mama mdogo ikabidi ampige mgongo, kazi aliyoifanya kwa nguvu zaidi kidogo kuliko zilivyohitajika.

Baada ya hapo wanawake wa siti walianza kuja kwangu na milima yao. Mmoja alikuwa na mlima kwa binti yake aliyejifungua, mwingine alikuwa na jangwa kwenye matanga ya mjomba. Madamu alikuwa akiuliza jambo moja tu: huko watapika nini?

Madamu na mumewe waliondoka kiangazi kilichofuata. Dereva aliyewapeleka mashariki alitusimulia kwamba madamu alipanda mpaka kwenye barafu, na bwana alibaki chini kwenye nyumba ya wageni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Habari za jangwa hazikutufikia. Mama mdogo yeye alikwisha kufanya urafiki na mwenye mtumbwi, maana mtoni hakuna askari wa kuuliza karatasi.