Mama Matope

Watu wa Endebess walimwita Mama Matope, yule mtafiti aliyepanga chumba kwa Jepkoech mwaka ule wa ukame, 1993. Kila aliposhuka kutoka Mlima Elgon alikuwa amepakata mabomba yaliyojaa tope alilochimba chini ya ziwa la huko juu ili asome historia ya mvua, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na hakutaka kusaidiwa. Aliyapasua barazani taratibu, akalionja tope kwa ncha ya ulimi kusikia kama lina mchanga, huku akinong'ona peke yake. Jepkoech alimtazama akiwaza ng'ombe wake, maana mto ulikuwa umekauka.

"Si uniambie tu, daktari. Mto wetu umekufa?"

Mtafiti alikishika kidole cha Jepkoech, akakigusisha kwenye ukanda mgumu wa tope. "Hapa ziwa lilikauka, mama, kabla babu zetu hawajazaliwa." Akakisogeza kwenye tope laini lililolala juu yake. "Na hapa maji yalirudi."

Jepkoech alishusha pumzi. Siku hiyo alikunywa chai yake ikiwa bado moto, si kama siku zile za wasiwasi alipoiacha ikapoa.

Mvua ilipofika hatimaye na mto ukaanza kunguruma, mtafiti ndiye aliyetoka mbio bila viatu. Alirudi amelowa chapachapa, akicheka na kulia.

"Bana," alimwambia Jepkoech, "hata mimi niliogopa."