Tisini na Tano ya Mwalimu Édouard

Kitabu cha kemia kinasema maji huchemka kwa digrii mia moja. Kila mwaka Mwalimu Édouard wa Majengo, Goma, huwaambia wanafunzi waikate mia hiyo kwa wino na kuandika tisini na tano, kwa sababu mji uko juu, kando ya volkano, na hewa yake ni nyepesi. Kisha hutia kipimajoto sufuriani, nao hujionea.

Kaswera, binti yake na mtoto wake wa pekee, alijifunza hivyo. Sasa yuko chuo kikuu, Kinshasa. Mama yake alishafariki. Nyumbani amebaki mwalimu na simu ya Jumapili.

Juzi simu ililia siku isiyo yake.

“Papa, asistanti amenirudishia kazi ya maabara. Anasema glukozi yangu iko nyepesi sawa maji! Benzangu wananiita mutoto wa volkano. Nisiporekebisha kesho, ni sifuri.”

Kazi yenyewe ni fupi. Glukozi ikiyeyuka, maji huchemka kwa joto la juu zaidi. Kutokana na digrii zilizoongezeka unakokotoa uzito wa molekuli. Ongezeko likiwa kubwa mno, molekuli hutoka nyepesi mno.

“Soma,” alisema mwalimu.

“Ilichemka kwa tisini na tisa na nusu. Nikatoa tisini na tano. Ikabaki nne na nusu.”

“Hiyo tisini na tano uliipima?”

“Kupima nini, Papa? Si wewe ulitufundishaka?”

“Ni ya maji ya huku. Huko muko chini. Chemsha maji matupu kwanza, kwa kipimajoto kilekile.”

Mwalimu alikaa kitandani akingoja, simu mkononi. Maji ya chai yake yalichemka, yakapungua, akazima jiko.

“Tisini na tisa!” Kaswera alipiga tena, akicheka. “Ongezeko ni nusu digrii. Uzito ni mia moja themanini, glukozi kabisa! Papa, acha niandike.”

Simu ikakatika kabla mwalimu hajamuuliza kama amekula.

Jumapili Kaswera alipiga kusema kazi imepita, na kwamba wenzake sasa wanamwomba awakagulie zao.

“Niliwaambia wasiamini kitabu,” alisema. “Kwetu hapa ni tisini na tisa.”

Mwalimu alilisikia hilo “kwetu,” akaitazama sufuria yake.

“Ni vizuri, mama,” alijibu. “Anzia hapo.”